"I Don't Want to Miss a Thing": uchukue ya Aerosmith au ya Mark Chesnutt?

Nyimbo mbili zina jina hili, maneno haya na tuni hii. Moja ni ya Aerosmith, bendi ya roki ya Boston, iliyotoka Agosti 1998. Nyingine ni ya Mark Chesnutt, mwimbaji wa kantri mzaliwa wa Beaumont, Texas, iliyotoka mwishoni mwa mwaka huohuo. Zote zilishika namba 1 Marekani, kila moja kwenye chati ya nyumbani kwake. Mtu anayetafuta wimbo wa kufungulia muziki harusini, wa kuimba kwenye karaoke, au wa kupiga na bendi ndogo, hubonyeza ile inayotokea juu kwenye simu na kuondoka nayo. Mara nyingi kazi aliyokuwa nayo ingefanywa vizuri zaidi na ile ya pili.

Msimamo wetu tunautanguliza. Kwa kusikiliza tu, umekaa na spika nzuri, ya Aerosmith ni kubwa na haijapata wa kuifikia. Kwa kuimba mwenyewe, na kwa watu wawili kucheza wameshikana, ya Chesnutt ndiyo inayomfaa mtu wa kawaida. Sababu zake ziko kwenye muziki wenyewe, na si kwa sababu roki ni kelele au kantri ni ya wazee.

Wimbo wa mtu wa tatu

Wengi husema Chesnutt "aliuchukua wimbo wa Aerosmith". Aliurudia, kweli, lakini Aerosmith nao hawakuutunga. Mwandishi ni Diane Warren, mtunzi ambaye kazi yake ni kuwaandikia waimbaji wengine. Wazo lilimjia kutokana na mahojiano ya televisheni ambamo mwigizaji James Brolin alieleza kwamba humkosa mpenzi wake, Barbra Streisand, hata wakiwa wamelala. Wimbo mzima umejengwa juu ya hapo: mtu anakataa kufumba macho kwa sababu akilala atapitwa na dakika za kuwa na mwenzake, na hata ndoto nzuri kiasi gani haimridhishi. Warren alipoutunga alikuwa akiisikia kichwani sauti ya aina ya Celine Dion.

Ukaishia kwa Aerosmith kupitia filamu ya Armageddon ya Michael Bay, iliyotoka Julai 1998. Liv Tyler, binti wa mwimbaji wa bendi hiyo Steven Tyler, alikuwa mmoja wa waigizaji wakuu. Wimbo uliingia chati ya Billboard Hot 100 mwezi Septemba moja kwa moja kwenye namba 1 na kukaa hapo wiki nne. Bendi ilikuwa na umri wa miaka 28, ina nyimbo maarufu lukuki, na hiyo ndiyo namba 1 pekee iliyowahi kuipata kwenye chati hiyo. Uliteuliwa kugombea tuzo ya Oscar ya wimbo wa filamu, ingawa haukushinda.

Chesnutt naye hakuwa mgeni. Tangu 1990, alipotoka na albamu ya Too Cold at Home, alikuwa anajulikana kama mtu wa kantri ya kizamani: baa, machozi, gitaa la stili. Toleo lake, lililotayarishwa na Mark Wright kwa lebo ya Decca ya Nashville, lilishika namba 1 kwenye chati ya kantri Februari 1999 kwa wiki mbili, na likapanda hadi namba 17 kwenye Hot 100. Ilikuwa namba 1 yake ya mwisho.

Nyimbo kuhama nyumba hivi halikuwa jambo geni miaka hiyo. I Swear ilianzia kwa John Michael Montgomery kwenye kantri, kisha All-4-One wakaifanya ya kwao mwaka 1994. How Do I Live, ambayo pia ni kazi ya Warren, ilitoka 1997 kwa LeAnn Rimes na kwa Trisha Yearwood kwa wakati mmoja. Tuni za Warren huvumilia safari hizo kwa sababu zinasimama hata ukiziimba na gitaa moja. Lijaribu hilo kabla hujachagua: imba kiitikio bila chombo chochote. Utaona kwamba kinachokugusa kiko kwenye tuni, na kwamba violini, ngoma na magitaa ni nguo tu. Kwa hiyo unachochagua hapa ni nguo, na nguo lazima imkae mvaaji.

Nguo ya Aerosmith

Inaanza na violini, okestra nzima, kabla Tyler hajafungua kinywa. Ubeti wa kwanza anauimba karibu na maikrofoni, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. Kisha ngoma zinapanda, magitaa ya Joe Perry na Brad Whitford yanaingia na sauti nzito iliyokwaruzwa, na kiitikio kinafunguka. Kuanzia hapo kila mzunguko unaongeza kitu juu ya uliotangulia, na baada ya daraja, yaani lile fungu la kati lenye tuni tofauti, Tyler anaachia ukelele mrefu wa juu unaotupeleka kwenye kiitikio cha mwisho. Wimbo unakaribia dakika 5.

Daraja hilo ndilo sehemu yenye ufundi kuliko zote. Wimbo uko kwenye ufunguo wa D meja, yaani D ndiyo noti yake ya nyumbani, na beti zake zinazunguka kodi nne (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ambazo mpiga gitaa yeyote wa kanisani anazijua: D, A, Bm, G. Likifika daraja, muziki unaegemea kodi ya C, ambayo haimo kabisa kwenye D meja. Sikio linahisi sakafu imesogea. Ndiyo maana kurudi kwa kiitikio baada ya hapo kunapendeza namna ile: tumerudishwa nyumbani. Anayepiga wimbo huu bila kulijua hilo hubaki kwenye kodi zake nne, akasikia kwamba kuna kitu hakikai, na akadhani gitaa limepoteza tuni.

Nguo ya Chesnutt

Tuni ileile, maneno yaleyale, lakini mwimbaji ametulia. Sauti yake ni ya baritoni, inatoka kifuani, na kila neno unalisikia hadi herufi ya mwisho. Ngoma na gitaa la umeme zimo, lakini hazigombani naye. Okestra ya Aerosmith ilipokuwa inajaza nafasi kati ya mistari, hapa nafasi nyingi zinajazwa na gitaa la stili, lile linalosimama kwa miguu yake lenyewe kama meza na kupigwa kwa kuteleza chuma juu ya nyuzi, hadi linalia kama mtu.

Kinachokosekana ni kile kilele. Chesnutt hapigi ukelele wa Tyler, na hakuna sekunde inayokusimamisha nywele. Anayetaka wimbo upande hadi upasuke atamaliza kusikiliza akiwa bado anasubiri. Tunalihesabu hilo kuwa pungufu la kweli, kwa sababu wimbo wa Warren umeandikwa ukiwa na mlima ndani yake, na Chesnutt ameuzunguka mlima huo kwa njia ya chini.

Analorudisha badala yake ni ukaribu. Maneno ya wimbo ni ya mtu anayenong'ona usiku karibu na aliyelala. Ukiyasikiliza kwa Chesnutt unaamini kwamba kweli kuna mtu amelala pale.

Sauti yako inaruhusu ipi?

Kwa lugha ya kwaya: Tyler anaimba juu kuliko sauti ya tatu ya kawaida, na anaimba hapo kwa nguvu. Chesnutt yuko kati ya sauti ya tatu na ya nne, mahali ambapo wanaume wengi wanaongelea. Kwa hiyo mwanaume anayeimba sauti ya nne kanisani asiguse toleo la Aerosmith kwenye D yake. Beti zitamdanganya, kwa kuwa ziko chini na ni rahisi. Kiitikio ndicho kitakachomwumbua, na kitamwumbua mbele za watu.

Kwenye mazoezi anza na kiitikio cha mwisho, kabla ya kitu kingine chochote. Ukiweza kukiimba mara tatu mfululizo bila kukaza shingo, ufunguo huo ni wako. Ukiona kidevu kinainuka kuitafuta noti, shusha. Mashine na programu za karaoke zina kitufe cha kushusha, na kila mbonyezo mmoja ni nusu toni. Mibonyezo miwili inakutoa D hadi C, minne hadi B flati, mitano hadi A. Wanaume wengi wa sauti ya kati hutua vizuri kwenye C au B flati. Wanawake wasikimbilie kubadilisha: Tyler anaimba juu kiasi kwamba mwanamke wa sauti ya pili anaweza kuimba pale pale alipo yeye, noti kwa noti.

Kuna kosa moja ambalo huharibu sauti kabisa, nalo ni kuiga mkwaruzo wa Tyler kwa kubana koo. Unasikika kama yeye kwenye kiitikio cha kwanza, na kufikia cha pili sauti imekauka. Imba safi. Ukitaka ladha ya mkwaruzo, iweke mwishoni mwa mstari tu, kwenye neno la mwisho, pumzi ikiwa inakwisha, kisha uiachie. Ukelele wa baada ya daraja si lazima. Mpe mpiga gitaa nafasi hiyo apande na noti ndefu. Wasikilizaji watapata mlima wao, nawe utafika kiitikio cha mwisho na koo zima.

Kwa anayejifunza wimbo pamoja na Kiingereza chake, hakuna mjadala: aanze na Chesnutt. Tyler huvuta na kumeza maneno kwa mtindo wake, na wengi wameshika matamshi yasiyokuwepo.

Ukumbini

Kasi ya wimbo ni karibu mapigo 60 kwa dakika, yaani hatua moja kwa sekunde. Hata asiyejua kucheza anaweza kuyumba nayo, na hiyo ni sifa ya matoleo yote mawili. Tofauti inakuja kwenye sauti ya spika.

Toleo la Aerosmith lina mwanya mkubwa kati ya ukimya wa utangulizi na uzito wa kiitikio. Linachosababisha ukumbini kinajirudia: violini vinaanza, watu bado wanaongea, DJ anaona wimbo hausikiki na kuongeza sauti. Baada ya dakika moja ngoma na magitaa yanaingia, taa nyekundu za mikisa, mashine ya kupangia sauti, zinawaka, spika zinakwaruza, na walioketi meza za mbele wanaziba masikio. Dawa yake ni kupima kinyume. Kabla wageni hawajafika, cheza kiitikio cha mwisho, weka sauti hadi kiwango ambacho mtu wa meza ya kwanza anaweza kukivumilia, kisha usiguse tena. MC ndiye atakayewanyamazisha watu kwa ajili ya violini. Hiyo ni kazi ya kipaza sauti chake. Toleo la Chesnutt halina mwanya mkubwa hivyo. Ukilipanga mara moja limepangika.

Dakika 5 ni nyingi kwa maharusi wawili waliosimama peke yao. Mpiga picha huwa ameshapata picha zake ndani ya dakika 2 au 3, na baada ya hapo macho ya ukumbi mzima yanaanza kuwachosha. Mkitaka kukata, kata mwishoni mwa kiitikio cha pili, kabla ya daraja, kwa kushusha sauti taratibu kwa sekunde 8 hadi 10. Msikate ndani ya daraja. Hapo wimbo umetoka kwenye ufunguo wake na sikio linasubiri urudi. Ukiukata hapo kila mtu atahisi kitu kimekatika, hata asiyejua kodi ni nini. Au kitumieni kilele hicho kwa faida: maharusi wacheze peke yao hadi mwisho wa kiitikio cha pili, MC awaite wazazi na wasimamizi wakati wa daraja, na kiitikio cha mwisho kikute uwanja umejaa. Kwa mpango huo Aerosmith inaizidi Chesnutt mbali sana, na ni mahali pekee harusini ambapo tungeichagua bila kusita.

Wageni nao wahesabiwe. Kenya kantri ina wenyewe: Jim Reeves, Don Williams, Kenny Rogers na Dolly Parton ni majina ya nyumbani huko, na Elvis Otieno, maarufu kama Sir Elvis, amejenga jina kwa kuimba kantri. Mbele ya ukumbi wa namna hiyo gitaa la stili linaeleweka tangu noti ya kwanza. Kwingineko, watu wa rika lililokuwa shuleni filamu ilipotoka wanaijua ya Aerosmith, na ukiwapigia ya Chesnutt wengine watauliza kwa nini wimbo umepoa.

Kwa bendi ndogo

Ya Aerosmith inadai kinanda chenye sauti mbili kwa pamoja. Gawanya kibodi: mkono wa kushoto piano, wa kulia violini, na mpiga kinanda asichezeshe violini kwenye kodi fupifupi, ashike kodi moja ndefu na kubadilisha kidole kimoja kimoja. Mpiga ngoma ajizuie. Kwenye ubeti alaze kijiti kwenye ukingo wa snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, na kugonga kwa upole, asifungue snea kamili hadi kiitikio. Akianza na nguvu zote ubeti wa kwanza, wimbo hauna pa kwenda tena, na hilo ndilo kosa linaloua baladi nyingi za roki kwenye hoteli zetu.

Ya Chesnutt inaonekana rahisi hadi ufike kwenye stili, maana kuipata si kazi ndogo. Gitaa la kawaida la umeme linaweza kuikaribia. Chukua bomba la chuma au la kioo la kuvalia kidoleni, na utumie uzi wa 3 na wa 2 tu (G na B). Kwenye freti ya 7 (freti ni vile vyuma vya kuvuka shingo ya gitaa) nyuzi hizo mbili zinatoa D na F kali, ambazo zinafaa kodi ya D na vilevile Bm, kwa hiyo kodi mbili kati ya nne umezimaliza bila kusogea. Freti ya 2 inakupa A, na ya 12 inakupa G. Bomba likae juu kabisa ya chuma cha freti, si nyuma yake kama vidole vinavyokaa. Likirudi nyuma hata milimita chache noti inashuka na mwimbaji anaonekana ndiye amekosea. Ili kuondoa ule mlio wa kugongwa kwa uzi mwanzoni mwa noti, funga kitufe cha sauti cha gitaa hadi 0, piga uzi, kisha kifungue kwa kidole kidogo. Noti itachipuka polepole, kama stili inavyofanya.

Anayepiga peke yake na gitaa la mbao ana njia mbili nzuri. Akibaki D, kikwazo ni Bm tu, inayodai kidole kimoja kibane nyuzi nyingi, na C ya daraja ni kodi ya wazi. Akitaka kuepuka Bm, atumie maumbo ya G: G, D, Em, C, na daraja litaanzia F. Kapo, kile kibanio cha nyuzi, kwenye freti ya 5 itampa C, na kwenye ya 3 itampa B flati, funguo zilezile tulizosema zinawafaa wanaume wengi. Maumbo ya C yenye kapo ya 2 yanavutia kwa macho, maana yanakurudisha D bila Bm, lakini daraja litakudai B flati kwa kidole cha kubana nyuzi zote, na utakuwa umehamisha tabu tu.

Ukinunua au kupakua, soma jina la mwimbaji hadi mwisho. Wimbo huu una matoleo mengi ya karaoke na ya waigaji yenye jina lilelile. Ya Aerosmith asilia imo kwenye albamu ya muziki wa Armageddon. Ya Chesnutt imo kwenye albamu yake ya 1999 yenye jina la wimbo huu. Toleo linaloanza kwa sauti ya kinanda cha bei rahisi mahali pa okestra, liache.